Stara ya Picha

Usiku wa kupamba, mlangoni mwa ukumbi wa harusi Mombasa, kabla hujaulizwa kadi unaulizwa simu. Msichana ameketi kwenye kiti cha plastiki, mapajani ana karatasi ya vibandiko vya duara, vile wenye maduka wanavyobandikia bei. Anaipokea simu yako, anabandika kimoja juu ya jicho la kamera ya nyuma, anaigeuza, anabandika kingine mbele, kisha anakurudishia. "Karibu, mamangu." Harusi nyingine simu haingii kabisa, inabaki mlangoni ndani ya bahasha yenye nambari, na wewe unapewa nambari yako kama mtu aliyeacha viatu msikitini.

Ukishapita, mabuibui yanavuliwa na ukumbi unawaka rangi. Bibi harusi anapopanda jukwaani, unaona kazi ya watu wengi iliyochukua siku kadhaa: hina iliyompanda hadi viwikoni, piko nyeusi kwenye ncha za vidole, nywele, asumini, nguo, kiti, pazia la nyuma yake, taa zilizopangwa ili uso usipate kivuli. Wanawake mia tatu wanamtazama bila haraka. Hiyo ndiyo kazi waliyoitiwa, kutazama. Asubuhi asumini imenyauka, na wiki mbili baadaye hina imefifia. Hakuna mwanamume aliyeiona, na ukiitafuta mtandaoni huipati.

Kwa miaka mingi nimeandika juu ya sanaa za kuona, na kila ninapoombwa nieleze intaneti imezifanyia nini sanaa hizo, mawazo yangu hurudi kwa msichana yule na vibandiko vyake. Nadhani ameshika swali lenyewe mikononi.

Hadithi inayosimuliwa Ulaya na Marekani naiheshimu, na nitaieleza kwa ufupi. Mwaka 1996 Olia Lialina, msanii kutoka Urusi, alitunga kisa cha mapenzi na vita kisichokuwa na turubai wala fremu: kilikaa ndani ya kurasa za tovuti, na kila ulipobonyeza, skrini ilizidi kugawanyika vipande. Mwaka uliofuata, maonyesho makubwa ya Documenta huko Kassel, Ujerumani, yalitangaza kwamba tovuti ya maonyesho hayo ingefungwa yakimalizika. Vuk Ćosić wa Slovenia akainakili yote, akaiweka kwake, na kule kunakili akakuita kazi ya sanaa. Wakosoaji walishtuka, na walikuwa na haki ya kushtuka. Sanaa waliyolelewa nayo ilisimama juu ya nguzo tatu: kazi ni moja na ya asili, mwenyewe ni mmoja na anajulikana, na pa kuitazamia ni ukutani mwa jumba. Watu wale wachache wenye kompyuta walizitikisa zote tatu kwa mpigo. Miaka ishirini na minne baadaye, Machi 2021, mnada wa Christie's uliuza faili moja ya picha ya msanii Beeple kwa zaidi ya dola milioni 69. Kwa maoni yangu lile lilikuwa jaribio la kuirudisha nguzo ya kwanza mahali pake kwa nguvu ya fedha.

Hizo nguzo lakini ni za nani? Watu wanaposema kwamba sanaa ya mtandaoni inapinga mapokeo, huwa wamekwisha kuamua mapokeo ni yapi. Kisiwa cha Mombasa kina mapokeo yake, na mimi nataka tuyapime hayo.

Twende Biashara Street, kwenye maduka ya leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza mwaka 1887, na hadi leo leso zake zina alama ambayo kila mwanamke wa pwani anaijua: K.H.E., Mali ya Abdulla. Jina lenyewe la leso ni la Kireno. Kitambaa cha mraba cha mkononi ndicho kilichoitwa hivyo, na katikati ya karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, wanavikata na kuviunga upya, vitatu juu na vitatu chini, hadi wakapata nguo moja pana. Wafanyabiashara waliona, wakaanza kuagiza kitambaa kilichokwisha kupigwa chapa kwa mtindo ule. Kwa hiyo mwanzo wa leso ni mwanamke aliyechukua picha za watu wengine, akazikata, akaziunganisha zikawa zake. Kijana wa leo anayefanya hivyo kwa programu ya simu akaambiwa ameleta jambo jipya, na aje amshukuru bibi yule.

Baadaye pindo, yaani ukingo wa leso, na mji, sehemu yake ya kati, vikapata mwenzao wa tatu, jina. Jina ni yale maneno yanayokaa chini ya mji, na ndiyo yanayouza. Muuzaji mzoefu hakufungulii leso yote. Anaikunjua shibiri mbili tu, jina linaonekana, nawe unasoma kimyakimya huku ukifikiria nani atakuona umeivaa. Leso ilipigwa chapa Manchester, Uholanzi, Japani na India, kwa maelfu, na aliyeichora hakujulikana. Hakuna aliyeuliza ipi ni ya asili. Mwaka 1936, Walter Benjamin alipochapisha insha yake maarufu kwamba kazi ya sanaa ikizalishwa kwa mashine hupoteza ile nguvu ya kuwa moja tu, wanawake wa Mombasa walikuwa wakijipamba kwa kazi za mashine na kuzipa nguvu kwa njia yao: nani kaivaa, siku gani, mbele ya nani. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja, zenye jina moja, moja ikavaliwa matangani na nyingine ikapitishwa makusudi mbele ya dirisha la mke mwenza, ni kazi mbili tofauti.

Na ile alama ya Mali ya Abdulla inanifundisha zaidi juu ya mauzo ya 2021 kuliko makala yoyote ya uchumi niliyosoma. Tajiri mwenye duka lile aliandika jina lake juu ya kitu ambacho kila kiwanda kingeweza kukiiga, na viwanda vimeiga. Alama haikumzuia mwizi. Ilimwambia mnunuzi kwamba pamba ni nzito, rangi haitachuja, kipimo hakijapunjwa. Iliwakilisha kitu ambacho mkono ungeweza kukishika na kukithibitisha. Waliouza faili kwa mamilioni waliiuza alama bila nguo, na soko lile lilipoporomoka mwaka 2022, wengi walibaki na alama tu.

Siku hizi maduka hupiga picha leso mpya na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp kabla mzigo haujafunguliwa. Mteja aliye Maskati au London anaona jina asubuhi, na kufikia adhuhuri jina hilo limeshawekwa kwenye status za watu wasiokuwa na nia ya kununua leso. Wamelichukua jina, wameliacha vazi. Picha ya leso inafanya kazi ya leso. Ninaliona hili kama jambo la kawaida kabisa katika ukoo wa sanaa hii, tawi jipya la mti uleule. Mkonga wa intaneti wa TEAMS ulipotua Mombasa kutoka Fujairah mwezi Juni 2009, na ule wa SEACOM ukaanza kazi mwezi uliofuata, picha zilizokuwa zikija kwa jahazi na meli zilipata njia nyingine. Kijiografia ni njia ileile ya Ghuba.

Kwa hiyo, zile nguzo tatu hazikutikiswa hapa, kwa sababu nyumba yetu haikujengwa juu yake. Nguzo yetu ni nyingine, na jina lake tunalo tayari: stara.

Tazama nyumba ya Mji wa Kale, zile zilizobaki pembeni mwa Ndia Kuu na Kibokoni. Mlango ndio uliochongwa: maua, mnyororo unaozunguka fremu, pengine jina na mwaka juu ya kizingiti. Unakabili njia, kila mpita njia anaruhusiwa kuutazama, na watalii hawachoki kuupiga picha. Ingia sasa. Katika nyumba za kale za Waswahili, njia ya kuingilia inapinda, ili aliyesimama mlangoni asione ndani. Ukumbi wa wageni uko mbele. Chumba cha ndani kabisa, ambako nyumba za Lamu ziliweka zidaka zilizopangwa sahani za kaure, kiko nyuma ya macho ya mgeni. Fundi aliyejenga alikuwa akipanga nani aone nini, na kwa kiasi gani. Urembo uliongezeka kadiri ulivyoruhusiwa kwenda ndani. Huo ni mfumo kamili wa sanaa za kuona, na sijui jumba la maonyesho lililoufikiria kwa makini hivyo.

Picha ya kamera ndiyo iliyoanza kuupasua, zamani kabla ya intaneti. Kamera imekuwako pwani tangu miaka ya 1860, na mwanzoni mwa karne ya 20 kadi za posta za Mombasa zilikuwa zikisafiri duniani: mlango, njia, mnara wa msikiti, na msichana aliyesimama mbele ya ukuta. Chini yake hapana jina lake. Imeandikwa aina yake, Mswahili, basi. Prita Meier, mtafiti aliyeiandikia sana pwani yetu, ameeleza jinsi picha zilivyoingia nyumbani kwetu kama vitu vya thamani vya ng'ambo, vya kupamba, katika ukoo mmoja na kaure. Huko nje zilikokwenda zilifanya kazi tofauti kabisa. Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani kina mkusanyiko wa Humphrey Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na kimeziweka mtandaoni, wazi kwa yeyote. Kwa mtafiti ni neema, nami nimekesha nazo. Lakini kila ninapomkuta msichana wa namna ile, ninafikiri juu ya wajukuu zake, ambao huenda wanaishi mwendo wa dakika kumi kutoka ninapoketi. Hawajaulizwa lolote.

Hata hivyo watu wa kisiwa hiki hawakuwa wa kupigwa picha tu. Waliijua kamera na kuitumia walivyotaka. Kuanzia miaka ya 1940 studio ya N. V. Parekh ilipokea Waswahili, Wahindi, Waarabu, watu wa bara, wote wakija na nguo zao bora na wazo lao la jinsi watakavyokaa. Lamu, Omar Said Bakor aliunganisha picha kwa mkasi na chumba cha giza, akaweka uso wa mtu pasipoweza kukaa uso. Kwenye kivuko cha Likoni wapiga picha walisimamisha pazia zilizochorwa meli, ndege na majumba, na kibarua aliyetoka bara akasimama mbele yake akapata picha ya kutuma nyumbani. Mjerumani Heike Behrend, aliyewatafiti wote hawa, aliona pia upande wa pili: wanawake wengi Waislamu wa pwani, hasa tangu miaka ya 1980, walianza kujitoa mbele ya kamera, na kujitoa huko nako kulikuwa na ufundi wake. Kitabu chake cha mwaka 2013 ndicho ninachowapa wanafunzi wanaodhani kwamba kuonekana zaidi ni kuendelea zaidi.

Hapa ndipo intaneti inapotugusa kweli. Leso inajua imevaliwa mbele ya nani. Mlango unajua uko nje. Picha ikishaingia mtandaoni haijui chochote kati ya hayo. Haina mbele wala ndani. Aliyekusudiwa na asiyekusudiwa wanaipata kwa ukubwa uleule, na mwangaza uleule. Pengine Ulaya intaneti ilimnyang'anya msanii upekee wa kazi yake. Sisi inatunyang'anya uwezo wa kupima mtazamaji, na uwezo huo ulikuwa nusu ya sanaa.

Muulize fundi wa hina. Ninaye mmoja ninayemtembelea kila Idi, chumba kimoja orofani, mkeka, feni, koni za hina zimepangwa ndani ya kopo la maziwa. Wateja wanaingia wakiwa wameshika simu mbele kama tochi. "Nataka hii." Hii imetoka Dubai, au Khartoum, au Mumbai, mara moja nikiwapo ilitoka kwa fundi mwenzake wa njia ya pili, nami nilidhani atakasirika. Aliichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akautazama mkono wa yule binti, mfupi, wa kiganja kipana. "Mwanangu, huu mkono wa kwenye simu ni mrefu. Hili ua likikaa kwako litafika kwenye kifundo, litakatika." Akaanza kutia, na nilipochungulia, ua lilikuwa limesogezwa, mashina yameongezwa kando, na kidole cha shahada kimeachwa kitupu ili mkono uonekane mwembamba. Kunakiliwa hakukumsumbua. Kilichomsumbua alikisema baadaye, mteja alipokwisha kuondoka: kwamba binti yule angeupiga picha mkono kabla haujakauka, aitume, na siku ya harusi mkono ungefika ukumbini umekwisha kutazamwa. "Unaingia umechoka," alisema. Mkono umechoka. Sijapata katika vitabu vya nadharia neno linaloisema hali ya picha za leo vizuri kuliko hilo.

Nisije nikaeleweka kwamba nasema picha zifichwe. Wenye akili ya stara ndio wanaoutumia mtandao kwa ustadi mkubwa kuliko wote ninaowajua. Dada zangu wana status ambayo shangazi anaiona na wifi haioni, wamepanga majina mmoja mmoja kama mtu anayegawa vyumba. Wanatuma picha inayofunguka mara moja ikatoweka. Wanapiga picha vazi limelala kitandani, bila mwili, au kivuli cha mwenye vazi sakafuni, au mkono tu, na chini yake neno moja ambalo watu watano watalielewa na hamsini watalipita. Hayo yote ni kazi ya kuona, yamefikiriwa, yana mtindo, na hakuna mkosoaji anayeyaandika kwa sababu hayana jina la msanii wala maonyesho. Pale karibu na Fort Jesus, Swahilipot Hub imekuwa ikiwapa vijana kompyuta na nafasi tangu 2016, na ninaona kazi nzuri ikitoka huko. Ningependa siku moja wakae na mama zao wawaulize jinsi ya kupanga status.

Na kificho kina nguvu zake hadharani pia. Mwaka 2024 Wakenya walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, Mombasa ikiwamo, mabango mengi yalichorwa kwenye simu na kusambaa bila jina. Kisha Gideon Kibet, anayejulikana kama Kibet Bull, akawa anaweka mtandaoni picha za kivuli cheusi tu za Rais: umbo, bila uso, bila maelezo. Kila mtu alimjua. Desemba mwaka huo akatoweka, na Januari 2025 akaachiliwa. Wapo waliouliza kivuli kina nini hata kiogopwe hivyo. Aliyekulia penye leso haulizi. Jina la leso halikutaji. Unapita nalo, na anayehusika anajijua. Fumbo linamlazimisha mtazamaji amalizie mwenyewe, na akishamaliza hawezi kudai kwamba hakuelewa.

Wakati mwingine mtazamaji asiyekusudiwa ni mimi. Juu ya ukuta mmoja wa Fort Jesus kuna michoro iliyotolewa kwenye buruji, ya makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, watu. Askari wa Kireno waliichora wakati wa zamu zao. Hawakuwa wakituchorea sisi. Tangu ngome iwe makumbusho tunaitazama kwa kulipia, na nafurahi imehifadhiwa, lakini kila nikisimama pale najihisi kama mtu anayesoma ujumbe wa simu isiyo yake.

Hisia hiyo niliipata nyumbani mwaka jana, kwa nguvu zaidi. Mpwa wangu aliye Maskati alituma picha kwenye kundi la familia. Ni picha ya dada mkubwa wa nyanya, iliyopigwa studio hapa Mombasa miaka ya 1960, nyeusi na nyeupe. Sote tunaijua, ya karatasi iko ndani ya kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Mpwa wangu aliipitisha kwenye programu ya akili bandia. Nguo ikapata rangi ya samli, mashavu yakapata damu, na ukiigusa, dada wa nyanya anapepesa, anageuza uso taratibu, anatabasamu. Watu walituma mioyo. Mimi mwenyewe nilituma.

Nyanya yuko juu ya miaka themanini. Nilimpelekea simu akiwa barazani na sinia ya mchicha. Alifuta vidole, akaishika mbali, akaitazama ikipepesa mara ya kwanza, ya pili.

"Si yeye."

Nikamwambia, "Ni yeye, nyanya. Tazama kipini, tazama ule mkufu."

"Kipini chake. Yeye siye." Akaigusa tena, dada yake akageuza uso tena. "Dadangu hakumtazama mpiga picha. Yule alikuwa mwanamume, mgeni. Akatazama pembeni, mama alikuwa amesimama pale pembeni. Hivi alivyopigwa alikuwa anamtazama mama." Akanyamaza. "Huyu anatutazama sote."

Nikalitafuta kopo la biskuti, nikamletea ile ya karatasi. Aliishika muda mrefu, akaiweka kifuani ndani ya leso. Simu akailaza uso chini juu ya mkeka, akarudi kwenye mchicha wake.